Tai, Msasa na Mimi

Mimi ni mtu wa kung'arisha vitu. Sufuria nikiisugua mimi, unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Tabia hiyo nilitoka nayo Tanga hadi Berlin, na huko ndiko iliponiponza.

Jumapili moja, kwenye soko la vikorokoro, nilinunua kwa euro 30 magazini mbili tupu za bastola ya Luger, ile P.08 ambayo jeshi la Ujerumani liliipokea mwaka 1908. Kila moja huingia risasi nane, na kitako chake ni cha aluminiamu, kimejaa alama. Nikaona kuku mdogo kasimama juu ya namba 63.

Mzee wa meza ya jirani, mkusanyaji wa siku nyingi, akavaa miwani. Si kuku, akasema, ni tai: muhuri wa mkaguzi wa jeshi kwenye kiwanda cha Mauser. Kisha vidole vikaanza kumtetemeka. Kila bastola ilitolewa pamoja na magazini mbili, zote zikipigwa namba ya bastola yenyewe, na ile ya akiba ikaongezewa alama ya kujumlisha. Zangu zilikuwa na namba ileile. Pacha!

"Namba ndiyo bei," akaninong'oneza. "Leo sina pesa ya kutosha. Zilete Jumapili ijayo."

Namba ndiyo bei? Basi ngoja ionekane vizuri! Nikanunua msasa. Nikaanza na ule laini, weusi haukutoka, nikahamia ule mkali. Nilisugua mpaka jasho likanitoka, na huko nje theluji inaanguka. Vilipong'aa nikavipangusa kwa kanga ya shangazi, nikasogea kwenye taa nisome.

Tai karuka. Namba imemfuata. Iliyobaki ni ile alama ya kujumlisha peke yake, nadhani ilipigwa kwa hasira.

Jumapili mzee aliziona, akakaa juu ya kreti bila kutazama kama ina kitu. Akaigeuza ile yenye alama, akaigeuza tena.

"Hii ni ya akiba," akasema polepole. "Sasa ni akiba ya nini?"

Nyumbani shangazi alinipokea mlangoni.

"Vipi, kanunua?"

"Hapana, shangazi."

Akaichukua ile yenye alama, akaikagua kama anavyokagua vyombo nilivyoosha mimi.

"Atanunuaje? Huu msalaba umeuacha. Lete huo msasa."