Siku ya Pili Yangu, Siku ya Pili Yao

Waebrania hawakuzipa siku za wiki majina, ila Sabato peke yake, Jumamosi yetu; nyingine wamezihesabu tu, na ya kwanza yao ni Jumapili. Sisi nasi tunahesabu, ila tunaanzia Jumamosi. Leo nayajua haya. Siku ile nilijua nusu.

Familia moja ya Kiyahudi ya Nairobi ilikuwa inamleta mvulana wao wa miaka 13 Yerusalemu, asome Torati mara ya kwanza kwenye Ukuta wa Magharibi, mahali pao patakatifu. Ndiyo bar mitzva yenyewe. Msomaji wa kumwongoza mtoto walimtafuta wao. Mimi, mtu wa Mombasa niliyekuwa nikiishi kule, nikaachiwa mapambo: wapiga ngoma, kitambaa cha kivuli cha fito nne, peremende kilo 3 na staftahi ya watu 40. Nikampigia msomaji kuuliza siku. "Yom sheni," akajibu, akakata simu.

Yom ni siku, sheni ni pili. Sasa siku ya pili ni ipi kama si Jumapili? Tena nilikuwa nimesikia siku nyingine ya kusoma huitwa hamishi, nayo ni Alhamisi yetu ile ile, hata haijabadili nguo. Nikalipa arbuni zote.

Ukweli ni kwamba Torati husomwa Jumatatu, Alhamisi na Sabato, mbali na sikukuu na mwezi mwandamo. Sabato pale ukutani hakuna picha wala ala za muziki, kwa hiyo wanaotaka shamrashamra hubanana kwenye Jumatatu na Alhamisi. Jumapili ya kawaida watu wanasali, lakini Torati haitolewi.

Basi Jumapili hiyo ya Agosti, saa mbili kasorobo asubuhi, nilikuwa Lango la Jaa, karibu na ukuta, na jamaa watatu: wawili wa dumbaki, mmoja na pembe la kondoo, analipuliza kama siwa ya Lamu. Saa mbili ikapita. Saa mbili unusu. Nikampigia bibi yake mtoto, mzaliwa wa Nairobi, Kiswahili chake hakina doa.

"Nyanya, shikamoo, mmefika wapi?"

"Marahaba. Tuko Bahari ya Chumvi, tunaelea."

Wapiga ngoma wamekodiwa kwa saa, na saa ni saa, mtoto awepo asiwepo. Wakaanza. Mzee mmoja mwenye kitoroli cha sokoni akaona kivuli, akaingia chini ya kitambaa. Wakamsindikiza kwa pembe na vigelegele mpaka kwenye mashine ya ukaguzi, yeye na vitunguu vyake. Aliponipita alinishukuru.

Nikawaomba warudi kesho. Mwenye pembe alicheka mpaka akakaa chini. Jumatatu? Hiyo ilishakwisha kitambo. Nikaazimwa dumbaki moja na kitambaa.

Peremende nazo. Zinatakiwa laini, za jeli zenye alama ya koshere, yaani halali kwa dini yao, kwa sababu wanawake huzirusha kutoka upande wao, wamesimama juu ya viti vya plastiki, na kulenga juu ya kizuizi ni kazi. Ngumu ikimpata msomaji jichoni, shughuli imeharibika. Zangu zilikuwa laini kweli, ila zilishinda kutwa kwenye buti ya gari juani. Jioni nilikuta mkate mmoja wa jeli, rangi sita. Nikaukata kwa kisu vipande kama vya sabuni ya kufulia.

Jumatatu tuliwahi mapema, maana asubuhi ukuta wenyewe ndio unaotia kivuli. Jua likivuka juu yake mnaokwa kama mahamri. Wajomba wanne wakashika fito, mimi nikashika dumbaki. Mikono yangu inajua mdundo mmoja tu, chakacha. Nyanya akautambua hatua ya tatu, kiuno kikaitikia. Msomaji alinitazama kama mtu aliyeletewa pweza harusini.

Mezani mtoto akavalishwa tefilini, kijisanduku kimoja kichwani na kingine mkono wa kushoto, ukanda ukizunguka mara saba chini ya kiwiko. Kisha wakahesabu wanaume, maana bila kumi Torati haisomwi. Wakafika kumi, na mtoto ndani, kwani tangu siku hiyo naye anahesabika. Wa kumi nilikuwa mimi. Kofia yangu ya vito iliwadanganya.

"Samahani," nikasema, "mimi Mwislamu wa Kibokoni."

Mjomba akakimbia, akarudi amemkamata mkono mpita njia. Nikamtazama vizuri. Ni mzee wa kitoroli.

Huitwa watu watatu siku ya kazi: kuhani, Mlawi, kisha Mwisraeli wa kawaida, nayo ndiyo nafasi aliyopewa mtoto. Alisoma bila kukwama. Aliponyamaza tu, ng'ambo ya kizuizi vikalia vigelegele, na sabuni zikaanza kuruka. Kimoja, cha kijani na chekundu, kilipaa juu ya baba, juu ya msomaji, kikatua kwenye kofia yangu na kuganda hapo hapo.

Nikageuka. Nyanya alikuwa juu ya kiti, mkono bado uko hewani.

"Hicho," akapaza sauti, "ni cha jana!"