Mchoraji wa kompyuta ana kazi gani kwenye mbao za Mafinga?

Milimita 15 zilitutia hasara kwenye karakana moja ya samani huku Uyole. Bodi ya MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, huja na milimita 1,220 kwa 2,440. Milango ya kabati ya 600 kwa 700 inatoka sita kwenye bodi moja. Mchoraji wetu, anayechora samani kwa kompyuta, akaweka upana wa 615 ili jiko "lijae vizuri". Hapo milango miwili haikai tena ubavu kwa ubavu, hata ukiigeuza vipi, na bodi inatoa mitatu tu. Milango ilikuwa 24. Tulishakubaliana na mteja bei ya bodi nne, tukanunua nane.

Kijana yule kompyuta anaijua kweli. Msumeno ndio hakuwa ameushika.

Nimekumbuka kisa hiki kwa sababu ya swali ninaloulizwa mara kwa mara na wazazi wa Iringa, Njombe na hapa Mbeya: mtoto aliyemaliza shule asiyetaka kubeba magogo anaweza kupata kazi ya ofisini kwenye viwanda vya mbao?

Wanaojibu hapana wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Sehemu kubwa ya mbao za paini huku hupasuliwa na mashine ndogo tunazoziita dingidongo, zinazohamishwa kutoka shamba hadi shamba. Zinatoa mbao za inchi mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane. Mnunuzi wa Dar es Salaam anazijua saizi hizo hata usingizini, hahitaji mchoro. Ofisi ya mwenye dingidongo ni daftari na simu, na sioni kwa nini amlipe mtu mshahara wa kukaa mezani. Hata fundi wa Mwanjelwa anayeletewa picha ya kitanda kwenye simu anakitengeneza kwa futi na penseli sikioni, na kitanda kinalalika.

Lakini Mafinga, mji wa mbao mkoani Iringa, si dingidongo peke yake. Pembeni yake kuna shamba la miti la Sao Hill, lililoanza kwa majaribio ya upandaji mwaka 1939 na sasa lina eneo la zaidi ya hekta 135,000. Kuna viwanda vya plaiwudi, na Mgololo kuna kiwanda cha karatasi. Kiwanda cha namna hiyo hakiendeshwi kwa daftari. Lazima mtu akokotoe mita za ujazo za magogo yaliyoingia na kulinganisha na kilichotoka. Lazima mwingine apange zamu, akadirie bei ya oda, afuatilie ghala. Karani wa vibali namheshimu zaidi ya wote: akikosea idadi kwenye hati ya kusafirishia mazao ya misitu, lori linalala kwenye kizuizi, na posho ya dereva inaendelea kuhesabika.

Kwa hiyo ajira za mezani zipo pale mbao inapogeuka bidhaa: mlango, kabati, fremu, paa lililopigiwa hesabu. Inapouzwa ghafi, hazipo. Tena tusidanganyane, hata zilipo ni chache, na kijana aliyeajiriwa kuchora anaweza kujikuta anaandika risiti kutwa nzima.

Ninachobishana nacho ni wazo kwamba meza ni njia ya kukwepa vumbi. Paini ikikauka inasinyaa, ikiharakishwa inapinda, na mbili kwa nne ikishapigwa randa haina tena inchi mbili wala nne. Skrini haikuambii hayo. Ndiyo maana ningemshauri mzazi amtafutie mwanawe kwanza useremala VETA, au Chuo cha Viwanda vya Misitu kule Moshi, au kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao hapo hapo Mafinga, kisha AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, ifuate. Anayeanza na programu atajifunza pia, ila kwa bodi za mwajiri.

Yule kijana wetu hakufukuzwa. Tulimpa mwezi mzima kwenye msumeno, akinung'unika. Siku hizi kabla ya kuchora jiko, anaandika 1,220 kwa 2,440 juu ya karatasi, anagawa, halafu anamuuliza fundi msumeno unakula milimita ngapi.