"Hapana" mbili kabla ya Makedonia

Matendo 16:6-10 ni mistari mitano tu, na sisi wahubiri huwa tunaukimbilia mwisho wake. Troa, mji wa bandari, usiku, mtu wa Makedonia amesimama akimsihi Paulo, "Vuka, uje Makedonia utusaidie." Kanisa linapiga vigelegele: Bwana akifunga mlango huu, anafungua ule. Amina, tunakaa.

Mimi siku hizi nakwama kwenye mstari wa 6 na wa 7. Paulo, Sila na kijana Timotheo, waliyemchukua Listra, wanataka kuhubiri Asia, yaani lile jimbo la Kirumi lililo leo magharibi mwa Uturuki, lenye Efeso ndani yake. Roho Mtakatifu anawakataza. Wanajaribu Bithinia, kaskazini. Roho wa Yesu hawapi ruhusa. Luka, mwandishi wa Matendo, haelezi sababu, wala hasemi walikatazwaje: kwa unabii, kwa ugonjwa, au kwa njia isiyopitika. Hadi Troa ni mamia ya kilomita, na mikononi hawana kitu ila "hapana" mbili. Sijawahi kumsikia mtu akisimama ibadani kutoa ushuhuda akiwa katikati ya safari ya namna hiyo. Ushuhuda tunautoa tukishafika Troa.

Halafu wanavuka, na yule mwanamume wa maono haonekani. Siku ya sabato wanatoka nje ya lango la Filipi, mji wa Makedonia, wanakuta wanawake wamekusanyika kando ya mto. Anayefunguliwa moyo ni Lidia, muuza rangi ya zambarau. Kwao wapi? Thiatira. Na Thiatira iko Asia! Paulo kakatazwa kuhubiri jimbo lile, kavuka bahari, na mtu wa kwanza kutajwa kuamini kule ng'ambo ni binti wa jimbo lilelile. (Nilisoma sura hii miaka mingi kabla ya kuliona hilo, na ramani ilikuwa nyuma ya Biblia yangu muda wote.)

Baadaye Asia yenyewe ilifunguka. Matendo 19 inasema Paulo alifundisha Efeso miaka miwili katika darasa la Tirano. Kumbe ile "hapana" ilikuwa "bado".

Bithinia ndiyo inayonisumbua. Hakuna mahali Maandiko yanaposema Paulo aliingia huko. Lakini fungua 1 Petro 1:1: waamini wa Bithinia wamo katika salamu. Na mnamo mwaka 112 hivi liwali wa Kirumi huko, Plinius Mdogo, alimwandikia Kaisari Traiani kwamba Ukristo umeenea mijini, vijijini hadi mashambani. Injili ilifika, na jina la aliyeipeleka halikuandikwa. Kwa mtumishi anayehesabu makanisa aliyoyapanda, hiyo ni dawa chungu. Mimi nimeinywa.

Hata pepo tunazisoma kwa upendeleo. Kutoka Troa hadi Neapoli, bandari ya Filipi, walisafiri siku mbili tu, na nimesikia mahubiri yakisema huo ndio upepo wa kibali. Sasa Matendo 20:6, bahari ileile, wanarudi kutoka Filipi, siku tano. Je, hizo zilikuwa za laana? Eutiko, kijana aliyeanguka kutoka orofa ya tatu akaokotwa amekufa, akarudishwa kwao hai, alikuwa Troa, mwisho wa zile siku tano.