Mwaka wa Jaladani Si Umri wa Santuri

Jumamosi nilikwenda soko la Memorial hapa Moshi kutafuta shuka, nikakuta santuri imebanwa katikati ya mabegi ya mitumba. Nyimbo za kienyeji za Marekani, mtu na banjo lake. Jalada jeusi, zito kama ubao, na ndani kijitabu cha maelezo. Kampuni ni Folkways, na mwaka uliochapwa jaladani ni 1957. Muuzaji alipoona nimeinama muda mrefu, bei ikapanda palepale.

"Orijino hiyo kaka, ya hamsini na saba. Laki na nusu."

Nikaomba kuitoa jaladani. Ng'ombe hajulikani umri kwa ngozi, anafunuliwa mdomo, na santuri ni vivyo hivyo. Kwenye lebo ya katikati palikuwa na anwani ya kampuni: 43 West 61st Street, New York, 10023. Kwangu kesi iliishia hapo. Marekani walianza kutumia namba za posta za tarakimu tano mwaka 1963. Tena Folkways wa miaka ya 1950 walikuwa 117 West 46th Street. Huko 61st Street ni habari za miaka ya 1970. Nakala ile ilifyatuliwa zaidi ya miaka kumi baada ya mwaka aliokuwa ananiuzia.

Wala hakuna aliyedanganya kiwandani. Moses Asch, aliyeanzisha Folkways mwaka 1948, hakutaka albamu yake yoyote itoweke sokoni, na alikuwa na zaidi ya 2,000. Zikiisha, zinafyatuliwa nyingine chache, na mwaka wa mwanzo unabaki ulivyo. Kwa hiyo 1957 ni mwaka wa albamu, si wa nakala uliyoshika.

Ndiyo maana neno "orijino" limenichosha. Mtu anatuma picha ya jalada la mbele kwenye WhatsApp, anataja bei ya mbuzi, basi. Nionyeshe lebo pande zote mbili! Nionyeshe na ile sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo, umulike tochi kwa ubavu. Pale kuna namba zilizochorwa kwa mkono au kugongwa, zinazotaja bamba lililozaa santuri hiyo. Peke yake hazikupi mwaka. Unazilinganisha na za nakala nyingine. Ukiona herufi P ndani ya duara kwenye santuri ya Marekani, huko alama hiyo ilianza kuenea miaka ya mwanzo ya 1970.

Zetu ndizo kazi kweli, maana nyingi hazina mwaka hata wa kupotosha. Bendi zilirekodi Dar, santuri zikafyatuliwa Nairobi. Lebo ikisema Tanzania, si ya kabla ya Oktoba 1964, jina lenyewe lilipoanza. Nikikuta santuri ya Nairobi yenye muhuri wa duka la Arusha, nafikiria kwanza kabla ya Februari 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa na Namanga ikanyamaza hadi 1983. Nasema nafikiria, kwa sababu magendo hayakulala.

Kwa hiyo tafadhali, msisugue mihuri. Mama yangu mdogo, kwa nia njema kabisa, aliwahi kufuta kwa spiriti jina la duka na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Jalada likang'aa. Ushahidi wote ukaenda na pamba.

Yule muuzaji nilimweleza habari ya anwani, akanisikiliza vizuri tu, kisha akacheka.

"Sasa kaka, mteja anataka mwaka. Mimi nimpe anwani?"

Tulimalizana kwa elfu thelathini na tano. Upande wa pili una mkwaruzo unaorudisha sindano kwenye ubeti uleule, na watoto wameshaukariri.