Wanaipenda Televisheni Yangu, Si Mimi

Mimi si mpenzi wa kompyuta za zamani, na ningependa jambo hilo lieleweke mapema, kwa sababu kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi majirani hunikuta kando ya barabara nimekumbatia televisheni ya inchi 21, nikisubiri tuk-tuk, na tayari wameanza kuniita Profesa. Ninakaa London. Ninasema London yetu ya hapa Nakuru, si ile ya mfalme.

Kosa langu ni kwamba sikuitupa televisheni hiyo. Mwaka 2015, matangazo ya analojia yalipozimwa na sote tukahamishiwa dijitali, watu wenye akili walianza kuweka akiba ya kununua televisheni bapa, na zile zenye kisogo zikaishia kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Yangu ilibaki kwa sababu iliachwa na marehemu baba mkwe, na mke wangu alishikilia kwamba kitu cha marehemu hakitupwi. Ikawekwa pembeni mwa sebule, ikatandikwa kitambaa cha kufuma, ikabebeshwa picha ya harusi na maua ya plastiki, na kwa miaka mingi haikumsumbua mtu.

Aliyekuja kuifunua ni shemeji yangu, kitindamimba wa kwao. Rafiki yake aliyesoma Scotland alikuwa amemletea kompyuta ndogo nyeusi iitwayo ZX Spectrum, ya mwaka 1982, mali ya kampuni ya Clive Sinclair, ambayo kwa ukubwa ni kama kitabu cha nyimbo za kanisani na vitufe vyake ni vya mpira. Mashine hiyo haina skrini yake. Inatoa picha kupitia waya wa antena, katika chaneli ya 36 ya UHF, kwa njia ile ile ya analojia ambayo taifa zima lilikwisha kuiaga, kwa hiyo ni kituo cha televisheni chenye mtazamaji mmoja. Televisheni bapa ya shemeji ilipoletewa mawimbi hayo iligeuka samawati tupu na kukaa kimya. Ndipo akaja kwangu, akaondoa picha ya harusi, akapapasa kisogo cha televisheni na kusema kwa sauti ya upole, “Shemeji, unajua una dhahabu humu ndani?” Nimekaa katika ukoo ule miaka kumi na minane na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuambiwa kwamba nina kitu.

Tangu siku hiyo mimi ni msafirishaji. Televisheni ina uzito wa zaidi ya kilo ishirini, na uzito wote uko mbele kwenye kioo, kwa hiyo mtu huibeba huku akiwa ameikumbatia uso kwa tumbo, asione anakokanyaga. Dereva wa tuk-tuk hunitoza nauli ya abiria wawili, kwa hoja kwamba televisheni imekalia kiti, na nikimwonyesha kwamba mimi mwenyewe nimechuchumaa sakafuni nikiishikilia isianguke kwenye matuta ya Kenyatta Avenue, hunijibu kwamba hilo ni chaguo langu. Jumla ni shilingi 300, kwenda tu.

Mkutano wa shemeji na wenzake wapenzi wa kompyuta za zamani hufanyika mtaa wa Section 58, katika gereji ya mwalimu mstaafu aliyeliuza gari lake zamani. Siku ya kwanza walinipokea watu wanne mlangoni, na mwenyekiti akauliza kwa wasiwasi wa kweli, “Imefika salama?” Nilijibu kwamba nimefika salama, ila mgongo unauma kidogo. Swali halikuwa langu.

Mwaliko husema saa tatu asubuhi. Saa tatu huwa tuko watatu, yaani mimi, televisheni na mwenye nyumba, na wengine huendelea kuingia hadi saa tano. Kisha, kwa sababu sisi ni Wakenya na watu saba hatuwezi kukaa pamoja bila kuwa chama, huanza sala ya kufungua, mchango wa shilingi 200, faini ya shilingi 50 kwa waliochelewa, na usomaji wa kumbukumbu. Mimi niliposikia kumbukumbu nilidhani tumefika kwenye kompyuta. Hapana, zilikuwa kumbukumbu za mkutano uliopita, kurasa saba kamili, pamoja na yatokanayo, na suala la mandazi mawili yaliyopotea mwezi wa pili likajadiliwa upya kwa sababu halikuwa limefungwa. Kumbukumbu za mashine yenyewe, ile ya shemeji, ni kilobaiti 48 tu. Picha moja niliyopigwa mazishini kwa simu ina kilobaiti elfu tatu, na macho nimefumba.

Saa saba mashine hutolewa mifukoni, na hapo ndipo ugomvi huanza, kwa maana kompyuta tatu zinagombea tundu moja la antena, nalo ni langu. Yupo muuguzi mwenye Commodore 64. Yupo mwalimu mwenyewe mwenye BBC Micro, aliyotumiwa na bintiye anayeishi Leicester. Yupo shemeji. Bwana mmoja mwenye Amstrad CPC 464 hukaa pembeni akitabasamu, kwa kuwa mashine yake iliuzwa pamoja na kioo chake na hata umeme huupata kutoka kwenye kioo hicho, kwa hiyo hahitaji mtu. Nilimwomba kwa adabu awakopeshe wenzake kioo ili mimi nipumzike hata mwezi mmoja. Akanieleza kwamba kioo hicho kinaelewana na mashine yake tu, wala hakina kitafuta stesheni. Sijawahi kuona mtu akifurahia udhaifu wa chombo chake kiasi hicho.

Muuguzi, lazima niseme ukweli, ndiye mwenye adabu kuliko wote. Kabla ya kuwasha Commodore yake hutoa kipima umeme na kupima kile kisanduku kizito kinachoilisha, kwa sababu visanduku hivyo vikizeeka huanza kutoa zaidi ya volti 5 zinazotakiwa na kuziunguza chipu za kumbukumbu bila kumwonya mtu. Anaandika kipimo katika daftari, pamoja na tarehe. Kompyuta ikiwaka hujitambulisha kwa herufi kubwa kwamba ina kilobaiti 64 za kumbukumbu, na katika mstari huo huo inakiri kwamba baiti zilizobaki kwa ajili yako ni 38911. Hapo nilicheka peke yangu gereji nzima ikanigeukia. Huo ni mshahara wangu: kwenye barua ya ajira kuna jumla, na kwenye benki kuna kilichobaki baada ya makato, na hapa karibu mbili kwa tano zimekwisha kwenda kabla hujabonyeza kitufe hata kimoja.

Kuhusu BBC Micro nitakuwa mfupi, kwa sababu bado ninainusa. Mwalimu alitueleza kwamba ilitolewa mwaka 1981 na kampuni ya Acorn ya Cambridge, kwa ajili ya mradi wa shirika la utangazaji la BBC wa kuwafundisha Waingereza kompyuta, na kwamba iliingia katika shule nyingi sana huko. Hotuba ilikuwa imefika kwenye shule pale mashine yenyewe ilipolia pu! na kuanza kutoa moshi wenye harufu ya kandambili iliyokaangwa pamoja na omena. Mimi niliruka nikaikumbatia televisheni, kwa sababu nitamwambia nini mke wangu? Wao hawakusimama hata mmoja. Wakasema, karibu kwa pamoja, “Ni kapasita tu,” kwa maelezo kwamba ndani ya kisanduku cha umeme kuna kapasita ya kuchuja umeme wa ukutani, na ganda lake hupasuka kwa uzee, huvuta unyevu, kisha siku moja ikipewa stima hulipuka. Ajabu ni kwamba kompyuta iliendelea kufanya kazi katikati ya moshi wake. Mwenyekiti alinikaribia, nikadhani amekuja kunipa pole. Akaniomba niiachie televisheni kwa sababu nilikuwa nimeuchomoa waya wa antena.

Basi ikafika zamu ya shemeji. Ukibonyeza kitufe cha J kwenye Spectrum haiandiki J, inaandika LOAD, kwa kuwa kila kitufe kimebebeshwa maneno mazima ili kuokoa nafasi, na mtu asiyejua huandika upuuzi kwa haraka ya kutisha. Kisha unacheza kanda. Ndiyo, kanda ya kaseti, ya muziki, kwa redio kaseti ya kawaida, maana mchezo wenyewe umehifadhiwa kama sauti, na unapopita hulia kwa mlio mkali unaokwaruza meno huku kingo za skrini zikijaa mistari ya rangi. Unakaa hivyo karibu dakika tano. Dakika ya nne na nusu mashine ikaandika kwamba kanda imekosewa. Wakarudisha nyuma. Ikaandika hivyo tena. Kufikia saa tisa walikuwa wamelaumu waya, stima ya Nakuru, vumbi la Menengai na rafiki wa Scotland, na mwenyekiti alikuwa anapendekeza iundwe kamati ndogo.

Sasa, katika miaka ya 1990 mimi nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda karibu na steji ya matatu. Nilirekodi benga, nilirekodi nyimbo za injili, na suala la hakimiliki tutalizungumza siku nyingine. Nilikwisha kusikia tangu mara ya kwanza kwamba mlio ule ni mzito, umefunikwa, kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni, na fundi yeyote wa kanda anajua kwamba hapo kichwa cha kusomea kimekaa upande na hakilingani na kile kilichorekodi. Mara tatu niliinua mkono. Mara ya kwanza niliambiwa nisubiri mengineyo. Mara ya pili niliulizwa kama televisheni imepata joto. Mara ya tatu niliinuka bila ruhusa, nikachukua bisibisi ndogo ya muuguzi, nikaiingiza kwenye kijitundu kilicho juu ya kichwa cha redio kaseti, nikazungusha skrubu yenye springi polepole, robo mzunguko, nikitega sikio, hadi mlio ukafunguka na kuwa mkali wa kumtoa mbwa uani.

Dakika tano. Hakuna aliyepumua. Mchezo ukatokea, wenye mtu mdogo anayeruka, na kwa kuwa mashine hiyo inaruhusu rangi 2 tu katika kila mraba wa nukta 8 kwa 8, yule mtu akipita mbele ya mti alivaa rangi ya mti, na akipita mbele ya ukuta alivaa rangi ya ukuta, kama mwanasiasa wa kwetu mwaka wa uchaguzi. Makofi yakapigwa. Mwalimu alifuta miwani. Shemeji alimkumbatia muuguzi, jambo ambalo nimeamua kutolitaja nyumbani. Na mwenyekiti akasogea mbele, akaipigapiga televisheni yangu begani, kama televisheni ina bega, akatangaza, “Mnaona tofauti inayoletwa na televisheni nzuri?”

Nikairudisha nyumbani jioni kwa shilingi 300 nyingine, mvua ikinyesha, kitambaa cha kufuma kikiwa kichwani mwake na si kichwani mwangu.

Jumatatu katibu alitutumia kumbukumbu kwa WhatsApp. Nilizisoma kwa makini, kwa sababu nilitarajia angalau mstari mmoja kuhusu bisibisi. Katika orodha ya waliohudhuria, nambari nane ilikuwa “Televisheni, inchi 21”. Jina langu halikuwamo. Halikuwamo kwenye waliotoa udhuru, halikuwamo kwenye wageni waalikwa. Nililitafuta hadi ukurasa wa saba, na pale chini ya matumizi, baada ya mandazi na kabla ya sabuni ya kunawia mikono, nikakuta neno “mbebaji”, shilingi 300, za kwenda tu, na mbele yake kwa mabano: bado hajalipwa.