Slivu ni ya kurudisha chuma, si ruhusa ya kukichonga tena

Kuna watu wakisikia bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, imevishwa slivu, lile bomba la chuma linaloingizwa kuwa ukuta mpya wa silinda, wanakunja uso, kana kwamba wameuziwa shati lenye kiraka. Mimi siwaelewi. Bloku iliyochongwa kupita kiasi, ikapata slivu nzuri na fundi anayejua kupima, inaweza kuhimili presha kubwa kuliko ilivyotoka kiwandani. Kinachonikera ni swali linalofuata. Mwenye injini akishaona ukuta mpya, mnene, anauliza hapo hapo: sasa tunaweza kupanua silinda mpaka ngapi?

Tupige hesabu. Chukua 2JZ-GTE ya Toyota: kipenyo cha silinda 86 mm, mwendo wa pistoni 86 mm, lita 3.0. Ukipanua hadi 87 mm, ujazo unaongezeka kwa asilimia 2.3 hivi, yaani sentimita za ujazo 70 kwa silinda zote sita. Turbo, pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini, ikiwa inaongeza presha ya bar 1, hewa hiyo hiyo unaipata kwa kuongeza bar 0.05 tu, kazi ya kubadilisha tarakimu kwenye kompyuta. Bei uliyolipa ni nusu milimita ya ukuta, silinda nzima, na chuma kilichochongwa hakirudi. Injini isiyo na turbo ina utetezi wake, maana silinda pana huzipa valvu nafasi ya kupumua. Ila injini ya turbo? Mwache fundi arudi 86 na ubaki na unene wako.

Na huo unene usidhani upo tu. Tuseme bloku imeshafika 87 na unataka kurudi 86 kwa slivu yenye ukuta wa 3.2 mm. Tundu la kuipokea lazima liwe karibu 92.4 mm. Maana yake fundi atakula 2.7 mm nyingine za bloku kila upande kabla slivu haijaingia. Kama bloku ilisubiwa ikapinda kidogo, upande mmoja wa silinda utakuwa mwembamba kuliko mwingine, na kisu kinaweza kutokea kwenye njia ya maji. Ndiyo sababu ukuta hupimwa kwanza kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, pande zote, juu na chini. Fundi anayechonga bila kupima namkimbia, hata awe na mashine ya kisasa namna gani.

Bloku za alumini zina fitina yao. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Tundu la 92 mm likipanda nyuzi 80, alumini inakua takriban 0.17 mm na slivu 0.08 mm. Kweli slivu huwa na joto zaidi kidogo, kwa hiyo tofauti halisi ni ndogo kuliko hiyo, lakini slivu iliyobana 0.05 mm tu ikiwa baridi inaweza kulegea injini ikipata moto. Ikilegea inapoteza mgusano na bloku, joto halitoki vizuri, na silinda hiyo ndiyo itakayoanza kugonga, yaani mafuta kujilipukia ovyo. Kwa hiyo bloku hupashwa moto, slivu hugandishwa, kisha huingizwa kwa mara moja mpaka ikae kwenye kizingiti, ngazi ndogo iliyoachwa mwishoni mwa tundu. Kizingiti hicho nakisisitiza: tundu likichongwa moja kwa moja hadi chini, na slivu yenyewe haina ukingo wa juu, hakuna kinachoizuia kushuka. Ikishuka hata kidogo, gasketi ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, haibanwi tena sawasawa pale juu.

Halafu kuna kuhoni, yaani kusugua silinda kwa jiwe mpaka kipimo cha mwisho, ambako kazi nyingi nzuri huharibiwa. Bolti za silinda hedi zikikazwa huivuta bloku, na silinda iliyokuwa duara inaacha kuwa duara. Ukihoni bloku ikiwa wazi, umetengeneza duara ambalo litatoweka siku ya kufunga hedi. Dawa yake ni bamba nene la chuma linalofungwa juu ya bloku kwa bolti zile zile, gasketi ya aina ile ile na ukazaji ule ule, ndipo jiwe lipite. Mafundi wengine huliona bamba hilo kama madoido. Waulize injini zao zinakula oili kiasi gani kwa ringi za pistoni kutobana vizuri.

Ukivisha silinda moja tu, jirani zake nazo hubanwa zikapoteza umbo, kwa hiyo zipimwe zote upya. Kwenye injini ya nguvu ningevisha zote, hasa ya alumini.

Pistoni ziwe mezani kabla ya jiwe la mwisho. Zilizofuliwa kwa aloi ya alumini ya 2618 hutanuka kuliko za aloi ya 4032, hivyo huhitaji nafasi kubwa zaidi kati yake na ukuta, na nafasi hiyo hutolewa kwa kupima kila pistoni kwa maikromita, siyo kwa kusoma kilichoandikwa kwenye boksi.

Na kama bloku ina ufa kwenye makao ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, hapo sina ubishi. Slivu haitibu ufa wa huko chini. Tafuta bloku nyingine.