Theluji za Kilimanjaro na Mgongano wa Majina

Mkazi wa Moshi akimwomba kijana wa kibanda cha karibu na stendi amwekee kwenye flashi filamu iitwayo Theluji za Kilimanjaro, anaweza kupewa mojawapo kati ya kazi mbili zisizo na undugu. Moja ni ya Marekani ya mwaka 1952, aliyoigiza Gregory Peck, iliyotokana na hadithi fupi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936. Nyingine ni ya Kifaransa, iliyoongozwa na Robert Guédiguian mwaka 2011 na kupewa jina linalotokana na wimbo wa Pascal Danel wa mwaka 1966. Hii ya pili inahusu wafanyakazi wa bandari ya Marseille, ambako mume na mke waliochangiwa safari ya kuja huku kwetu wanavamiwa na kuporwa fedha pamoja na tiketi.

Je, aliyetangulia angepaswa kulimiliki jina? Katika nchi nyingi, Marekani ikiwemo, hakimiliki hulinda kazi yenyewe wala si jina lake peke yake, na kwa maoni yangu hilo ni jambo la busara. Kundi la Uingereza la The Teardrop Explodes liliita albamu yake ya mwaka 1980 Kilimanjaro, na filamu ya Kitamil kutoka India, Enthiran ya mwaka 2010, ina wimbo wenye jina hilohilo uliopigwa picha Machu Picchu, nchini Peru. (Sisi tunaouona mlima huu kila asubuhi mawingu yakiruhusu hatukuombwa ruhusa, na sijui angeombwa nani.) Kama jina la mlima lingekuwa mali ya aliyeliwahi, leo mwandishi wa Marangu angelazimika kulilipia.

Hata hivyo, wanaolalamika wana hoja, kwa sababu anayetoa fedha zake huumia kweli. Emily Schultz wa Kanada alitoa riwaya ya Joyland mwaka 2006. Mwaka 2013 Stephen King alitoa riwaya yenye jina hilohilo, ambayo mwanzoni ilipatikana kwa karatasi tu, na baadhi ya wasomaji waliotaka nakala ya kielektroniki wakanunua ya Schultz, kisha wengine wakamwandikia maoni ya hasira. Alipata mrabaha ambao hakuutarajia, na lawama ambazo hakuzistahili. Aghalabu mambo huenda kinyume na hapo: msanii chipukizi wa Arusha anayeuita wimbo wake Nakupenda humezwa na nyimbo za wakubwa kila mtu anapoutafuta mtandaoni.

Kampuni kubwa za filamu za Marekani zilijaribu njia nyingine, yaani makubaliano ya kusajili majina kati yao wenyewe. Mwaka 2013 Warner Bros. iliizuia filamu ya The Butler kwa kuwa yenyewe ilikuwa na filamu fupi ya mwaka 1916 yenye jina hilo. Ugomvi wenyewe naona ulikuwa wa kipuuzi, maana ni nani angezichanganya filamu hizo? Lakini suluhisho lilikuwa zuri kuliko kesi: filamu ilitoka kwa jina la Lee Daniels' The Butler, likiwa na jina la mwongozaji mbele.

Hapo ndipo naegemea. Anayeiga jina pamoja na jalada ili auzie umaarufu wa mwenzake anafanya udanganyifu, naye ashughulikiwe kwa udanganyifu huo. Wengine waachiwe uhuru wao, na mzigo wa kutofautisha ubebwe na anayeuza: duka, mtandao wa muziki, hata yule kijana wa flashi, waandike jina la mtunzi kando ya jina la kazi. Mwaka peke yake hautoshi, kwani Kate Atkinson na Jill McCorkle walitoa riwaya zenye jina moja, Life After Life, mwaka uleule wa 2013.